Mwovu wa Mshahara: Mwongozo Kamili wa Kumwandika Mhusika Anayetenda Ubaya kwa Kuwa Ndiyo Kazi Yake

Katika hadithi nyingi za upelelezi tunazosoma na filamu tunazotazama, steringi akivamia nyumba ya adui hukutana na watu sita au saba wenye bunduki getini. Ndani ya aya mbili wote wamelala chini, na safari inaendelea hadi chumba cha bosi. Hakuna anayeuliza watu wale ni akina nani. Mimi huwa nakwama palepale. Nani aliwaajiri? Wanalipwa kwa siku au kwa mwezi? Yule aliyeangukia kando ya tangi la maji, zamu yake ilikuwa inaisha saa ngapi?

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kumjua mtu huyo na kumpa nafasi yake. Hamchukii steringi, hana kisasi naye, wala haamini siasa ya bosi. Ameajiriwa. Asubuhi anaamka, mchana anatenda ubaya, jioni anarudi kwake kula. Naamini anastahili kurasa nyingi kuliko bosi mwenyewe. Bosi mwenye chuki asiye na watu wa kumfanyia kazi ni mtu aliyekaa sebuleni kwake na hasira zake. Madhara huanza siku anapopata mtu wa kumlipa.

Ili tusizungumze hewani, tutajenga mhusika mmoja tangu mwanzo. Nimwite Athumani. Ana miaka 34, anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na ameajiriwa na ofisi ya mikopo ya riba kali, ya aina ile ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu. Kazi yake ni kuwafuata wadaiwa sugu na kubeba vyombo vyao. Yeye, ofisi yake na wadaiwa wake wote ni wa kubuni. Mikopo ya aina hiyo siyo ya kubuni, na ndiyo sababu nimemchagua: wasomaji wako wengi wameshamwona mtu kama yeye akishuka kwenye gari.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni mtu wa ajira

Kabla hujaandika sentensi moja, muulize mhusika wako maswali matatu. Bosi akifa leo usiku, kesho ataendelea na ubaya huu? Akipata kazi nyingine yenye mshahara uleule na iliyo karibu na nyumbani, ataiacha hii bila kusita? Akikutana na mhanga wake msibani, siku ambayo hayuko kazini, atampisha kiti?

Athumani anajibu hapana, ndiyo, ndiyo. Basi ni mtu wa ajira. Mhusika wako akijibu kinyume hata swali moja, usimtupe, lakini fahamu kwamba unaandika mtu mwingine: mwenye imani, mwenye tamaa, au anayefurahia maumivu ya wenzake. Hao nao wana hadithi zao.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata watu makini. Adolf Eichmann, ofisa wa utawala wa Hitler aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwa treni kwenda kwenye kambi za mauaji, alikamatwa Argentina mwaka 1960 na kushtakiwa Jerusalem mwaka 1961. Alijitetea kwamba alikuwa mtekelezaji wa amri tu. Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyeifuatilia kesi hiyo, alimwona mtu wa kawaida mno ambaye hakuwa na mazoea ya kutafakari alilokuwa akilitenda. Maelezo hayo ndiyo yaliyozaa picha ya mwovu wa ofisini ambayo waandishi wengi wanayo kichwani hadi leo. Lakini miaka michache kabla ya kukamatwa, Eichmann alikuwa amerekodiwa huko Argentina akiizungumzia kazi yake kwa fahari, mbele ya watu wa mrengo wake. Watafiti waliozichambua rekodi zile wamemwona mtu aliyeamini alichokuwa akikifanya.

Kwa mwandishi, hili lina maana kubwa. Watu wawili wanaweza kusema sentensi ileile, "Mimi nilikuwa natekeleza amri," mmoja akasema kweli na mwingine akadanganya. Msomaji anaweza kubaki na shaka, lakini wewe huna ruhusa ya kutojua. Amua mapema, uandike kwenye daftari lako, kisha usilionyeshe daftari hilo kwa mtu.

Hatua ya 2: Iandike kazi kabla ya kumwandika mtu

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayorukwa. Waandishi wengi huanza na sura: kovu shavuni, macho mekundu, sauti ya mkwaruzo. Acha sura. Anza na mkataba.

Andika kurasa mbili ambazo hazitaingia kwenye hadithi. Kazi aliipataje? Nani alimwunganisha? Analipwa kiasi gani, siku gani, na mshahara ukichelewa anakopa kwa nani? Anaripoti kwa nani, na huyo anaripoti kwa nani? Ana shabaha ya wiki? Asipoifikia anakatwa, anatukanwa, au anafukuzwa? Vifaa ni vyake au vya ofisi? Sehemu gani ya kazi anaichukia, na sehemu gani, Mungu amsamehe, anaifanya vizuri kuliko wenzake wote?

Athumani alianza pale kama mlinzi wa usiku. Siku moja kijana wa kufuatilia madeni aliugua, bosi akamwambia apande gari amsaidie dereva. Hakushuka tena. Analipwa mshahara mdogo na kamisheni kwa kila deni linaloingia au kwa kila chombo kinachouzwa. Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, ni ya ofisi, mafuta anahesabiwa, na wale vijana wawili wa kubeba anawalipa kwa siku kutoka kwenye fungu lake. Kila Jumatatu asubuhi kuna kikao, na majina ya wafuatiliaji yanaandikwa ubaoni kwa kufuata nani kaleta zaidi. Kwenye daftari lake kuna orodha ya dhamana: runinga, friji, godoro, makochi, cherehani. Kila mkataba una sahihi ya mdaiwa na muhuri wa serikali ya mtaa. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na biashara ya kukopesha inatakiwa kuwa na leseni. Je, ofisi ya Athumani inayo? Athumani hajui. Hajawahi kuuliza, na huko kutouliza ni sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyempa kwa maandishi.

Umeona? Bado hatujasema kama ni mrefu au mfupi, na tayari anapumua.

Ukikosa maelezo ya kazi, katafute kwa watu wanaofanya kazi halali inayofanana nayo. Mlinzi wa getini atakueleza jinsi usiku unavyokuwa mrefu kuanzia saa tisa. Dalali wa mnada atakueleza jinsi ya kupakia friji bila kuiharibu. Usiwaulize habari za uovu. Waulize habari za kazi. Maarifa ya kazi ni yaleyale, na uovu utauongeza wewe.

Wapo waliofanya hivi kwa ustadi mkubwa. Ernest Hemingway alichapisha mwaka 1927 hadithi fupi kuhusu wauaji wawili, Al na Max, wanaoingia kwenye mkahawa wa mji mdogo wa Marekani kumsubiri mtu wamuue. Sehemu kubwa ya mwanzo ni mabishano kuhusu chakula: wanachokitaka hakijawa tayari hadi saa kumi na mbili, saa ya ukutani iko mbele dakika 20, basi wanaagiza mayai. Wanakula wakiwa wamevaa glavu. Anayewahudumia anapouliza mtu yule amewakosea nini, wanajibu kwamba hajawahi kuwaona kabisa. Hakuna hata tusi moja dhidi ya mlengwa. Glavu zile na mayai yale ndivyo vinavyomfanya msomaji aogope, kwa sababu vinamwambia kwamba kwa watu hawa leo ni siku ya kazi kama jana.

Na kwenye vichekesho vya katuni, mtengenezaji wa filamu za katuni wa Marekani, Chuck Jones, alianzisha mwaka 1953 mfululizo wa mbwa mwitu Ralph na mbwa mchungaji Sam. Wanafika kazini asubuhi, wanasalimiana kwa majina, wanagonga kadi za mahudhurio, kisha mmoja anaanza kuiba kondoo na mwingine anaanza kumtwanga. King'ora cha chakula kikilia wanaachana hata kama mmoja ameshamkaba mwenzake koo. Jioni wanaagana kwa heshima, na wa zamu ya usiku wanaingia. Watoto wanacheka, lakini mbinu iliyomo humo ni ya kujifunza: ratiba ndiyo mhusika mkuu. Katika hadithi yako, tafuta king'ora chako ni kipi.

Hatua ya 3: Pima umbali kati ya mkono wake na maumivu

Mtu wa ajira huweza kuvumilia kazi mbaya kwa sababu kazi hiyo imekatwa vipande, na yeye amepewa kipande kimoja. Ukipanga vipande hivyo vizuri, hadithi yako inaanza kujiendesha.

Chombo kizuri cha kufikiria jambo hili ni majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, yaliyoanza mwaka 1961. Watu wa kawaida waliitwa kwa tangazo wasaidie utafiti, wakaahidiwa dola 4, pamoja na senti 50 za nauli. Waliambiwa wabonyeze vitufe vya kumpiga mtu aliyekuwa chumba cha pili kwa umeme kila alipokosea jibu, kuanzia volti 15 hadi 450. Umeme haukuwapo na yule mtu alikuwa anaigiza, lakini wabonyezaji hawakuambiwa. Katika jaribio linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho.

Wengi huishia kwenye namba hiyo. Mwandishi asiishie hapo, maana marudio ya jaribio hilo yana faida zaidi kwake. Ilipobidi mbonyezaji amshike mhanga mkono na kuukandamiza kwenye kibao, waliofika mwisho walishuka hadi 12 kati ya 40. Msimamizi alipotoka chumbani akawa anatoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Lakini kitufe kilipobonyezwa na mtu mwingine, na mshiriki akabaki na kazi ndogondogo za pembeni, watu 37 kati ya 40 waliendelea hadi mwisho wa jaribio.

Yasome marudio hayo kama mwandishi na utaona yanakupa usukani. Ukitaka mhusika wako aendelee kwa utulivu, mpe kazi ya pembeni: ashike daftari, mwingine abebe. Ukitaka atikisike, mwondoe msimamizi, kata simu, umlazimishe aguse. Athumani kwa miaka miwili hajabeba chombo hata kimoja. Anasoma orodha, vijana wanabeba. Siku kijana mmoja hakuja kazini, ikabidi Athumani mwenyewe ashike upande mmoja wa godoro ambalo bado lina joto la mtoto aliyelala, hapo una sura ya hadithi. Hukuhitaji malaika wala ndoto. Ulihitaji kijana mmoja achelewe.

Kwa anayeandika hadithi za zamani, mnyororo wa aina hii umejaa katika historia yetu. Katika Tanganyika ya Wajerumani, amri ilitoka kwa gavana, ikapita kwa ofisa wa wilaya, ikamfikia akida aliyesimamia eneo la vijiji kadhaa, kisha jumbe wa kijiji, hadi kwa mnyapara shambani na askari mwenye kiboko. Kulikuwa na kodi ya kibanda ya rupia 3, na kulikuwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa ambayo yalichochea Vita vya Majimaji mwaka 1905. Viboko 25 vilizoeleka kiasi cha kuwa na jina lake, hamsa ishirini. Mwandishi anayemfanya akida kuwa shetani anapoteza nafasi. Mwandike akida anayeogopa kupeleka hesabu pungufu kwa bwana mkubwa, na mwandike askari anayehesabu viboko kwa sauti kwa sababu akiruka namba atalaumiwa. Kichwani mwa yule askari, hofu ya kukosea hesabu imechukua kiti ambacho kilipaswa kukaliwa na huruma.

Hatua ya 4: Mpe methali zake

Kila mtu wa ajira ana maneno anayojiambia. Usimtungie hotuba. Watu wetu hawajitetei kwa hotuba, wanajitetea kwa methali, na lugha yetu imemwekea mhusika huyu ghala zima. Mtumikie kafiri upate mradi wako. Mjumbe hauawi. Mkono mtupu haulambwi. Kazi mbaya si mchezo mwema.

Chagua moja, siyo nne. Iweke mdomoni mwake mapema, katika hali isiyo na madhara, mathalani akimfariji mdogo wake aliyepata kibarua kigumu. Irudi mara ya pili akiwa kazini. Mara ya tatu itoke mdomoni mwa mtu mwingine na imwangukie yeye. Athumani ni mtu wa "mjumbe hauawi". Anapenda kuisema akiwa ameinua mikono, kama anayeonyesha kwamba hana kitu. Mbele kidogo, bosi atakapomtuma avunje mlango ambao mkataba hauutaji na yeye akalalamika, bosi atamjibu kwa methali hiyohiyo, na Athumani atagundua kuwa imekuwa ikimlinda bosi muda wote.

Hatua ya 5: Mwache asalimie

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana utajiri ambao waandishi wengi wa lugha nyingine hawana, na inanisikitisha kuona tunauacha. Majambazi wetu wa kwenye riwaya wanaingia nyumbani kwa watu wakipiga kelele. Mtu wa ajira haingii hivyo. Anapiga hodi. Akimkuta mkubwa kwake anasema shikamoo, na yule mkubwa, kwa malezi aliyolelewa, anajikuta ameitika marahaba kabla hajakumbuka kwamba huyu amekuja kumbebea riziki. Marahaba hiyo inauma kuliko kofi.

Tazama namna inavyoweza kuandikwa:

"Hodi hapa."

Hakuna aliyejibu. Cherehani iliendelea kulia ndani, kisha ikanyamaza.

"Hodi, mama."

"Karibu."

Athumani alivua viatu mlangoni. Vijana wake wawili walibaki na vyao, maana wangetoka na mzigo.

"Shikamoo, mama."

Mama Neema alitazama nje. Kirikuu ilikuwa imeshageuzwa, nyuma yake ikiuelekea mlango.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Neema yeye?"

"Yuko shule."

"Afadhali." Alifungua daftari. "Mama, marejesho manne hayajaingia. Nilikuja Jumanne, nikaja Alhamisi. Leo ofisini wameniambia nisirudi mikono mitupu."

"Hizi ni sare za shule, baba. Jumamosi wenyewe wanazichukua, nawapa pesa yenu yote."

"Naelewa." Aligeuza ukurasa, akamwonyesha mahali pa kusaini. "Vitambaa tunakuachia. Na mkasi wako chukua, haumo kwenye orodha. Cherehani ina kava lake, mama? Mvua inataka kunyesha."

Hakuna mtu aliyepaza sauti. Athumani hata ameonyesha wema mara mbili: kaacha vitambaa, kaacha mkasi. Ukiangalia vizuri, wema wote huo uko ndani ya mipaka ya orodha, na swali lake la mwisho linaijali mashine iliyo mali ya ofisi tangu dakika iliyopita. Msomaji atalihisi hilo bila kuambiwa. Usimwambie.

Sikiliza pia namna wanavyoitana. Mama Neema anamwita mwanangu, kisha baba. Ni maneno ya kumwomba awe ndugu. Athumani anaendelea na mama, mama, na hilo ndilo neno linalomrahisishia kazi. Heshima inaweza kuwa kifaa cha kazi kama gari. Katika mazungumzo ya wenzake ofisini badilisha kabisa: huko Mama Neema ni "yule wa cherehani" au "marejesho manne".

Hatua ya 6: Mpeleke nyumbani, lakini usikae sana

Sura moja nyumbani inatosha. Usimpe mtoto mgonjwa anayehitaji upasuaji. Kisingizio hicho kimetumika hadi kimechakaa, na kinamgeuza mtu wa ajira kuwa mtu wa dharura, ambaye ni mhusika mwingine kabisa. Mpe mahitaji ya kawaida: ada, kodi ya nyumba ya miezi sita, mchango wa harusi ya shemeji. Mke anajua nini? Nashauri ajue kila kitu isipokuwa majina.

Hatua ya 7: Leta siku ambayo kazi inakataa

Tamthilia ya Richard III ya Shakespeare, ya mwishoni mwa karne ya 16, ina sura ambayo kila anayemwandika mwovu wa kukodiwa aisome polepole. Wauaji wawili wanatumwa gerezani kumwua Clarence, ndugu wa mfalme. Mmoja anaingiwa na dhamiri. Anamwomba mwenzake asubiri, akieleza kwamba kwa kawaida hali hiyo humshika kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini tu. Wanahesabu. Dhamiri bado ipo kidogo. Mwenzake anamkumbusha malipo, na papo hapo inapotea. Akiulizwa dhamiri yake sasa iko wapi, anajibu kwamba iko mkobani mwa aliyewatuma. Baada ya mauaji ndipo inaporudi, na anayakataa malipo wakati mtu ameshakufa.

Msimamizi wa jela naye simsahau. Anaonyeshwa hati, anasoma, anakabidhi funguo, na anasema wazi kwamba hataki kuitafakari maana yake ili asiwe na hatia. Mistari yake ni michache, na kwangu mimi ndiye anayetisha kuliko wote waliomo humo ndani.

Siku ya namna hii lazima ije katika hadithi yako, na njia za kuiandika ni zaidi ya moja. Anaweza kusita kisha akaendelea. Hiyo ndiyo kweli ya mara nyingi, na usiogope kuiandika. Anaweza kuivuta kazi kwa ujanja mdogo: amekosa nyumba, gari limeharibika, amemwambia mhanga kwamba atarudi Jumatatu. Anaweza kuacha kwa sababu isiyohusiana na dhamiri kabisa, kwa mfano mshahara wa miezi miwili haujalipwa. Napenda hiyo ya mwisho, kwa kuwa inampa msomaji furaha anayoionea aibu.

Anaweza pia kugeuka na kumsaidia mhanga. Ukichagua njia hiyo, gharama ionekane. Asimgeukie bosi kwa sababu steringi amemhutubia. Ageuke kwa sababu ya kitu anachokijua kutokana na kazi yake: Athumani, ambaye husoma mikataba kila siku, ataona kwamba mkataba wa Mama Neema umebadilishwa tarehe. Ujuzi uleule aliokuwa akiutumia dhidi ya watu ndio utakaompa kitu cha kufanya. Na bado kesho yake hatakuwa na kazi, na kodi ya nyumba iko palepale.

Hatua ya 8: Mhanga asipungue

Hili naliandika kwa msisitizo wote nilio nao. Ukiwa umekaa na Athumani miezi kadhaa, ukajua anapenda chai ya tangawizi na anaogopa kikao cha Jumatatu, utaanza kumpenda. Ni haki yako. Lakini kila ukurasa unaompa yeye unamnyima Mama Neema, na mwisho wa rasimu unaweza kukuta yeye ana maisha na mwanamke yule ana cherehani tu. Hapo umefanya kile ambacho ofisi ilifanya: umemwandika kwa deni lake.

Kwa hiyo mpe Mama Neema jambo lisilohusiana na mkopo. Ni mwimbaji wa kwaya, au ana ugomvi wa miaka mingi na dada yake kuhusu kiwanja cha marehemu baba, au anajua kushona suti za kiume na hakuna anayeamini. Na baada ya kirikuu kuondoka, usiondoke nayo. Baki chumbani. Sare za shule zimekatwa, hazijashonwa, Jumamosi inakuja, na wazazi wameshalipa nusu. Atakwenda kwa nani mwenye cherehani? Atasema nini? Zipe kurasa hizo uzito uleule uliozipa zile za ofisini.

Hatua ya 9: Kusahihisha

Pitia rasimu mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza futa sifa. Kila ulipoandika katili, mnyama, asiye na huruma, kicheko cha kishetani, toa. Kama tendo halitishi bila sifa, tendo ndilo lenye kasoro.

Mara ya pili angalia vitenzi. Kiswahili kinaruhusu tendo lisimame bila mtenda: vyombo vilitolewa, mlango ulifunguliwa, pesa ilikatwa. Ndiyo lugha ya ofisi na ndiyo lugha ya Athumani anapojisimulia, kwa hiyo katika sura zinazoonwa kwa macho yake iache itawale. Ukihamia kwa Mama Neema, mrudishe mtenda: alitoa, alifungua, walikata. Msomaji atahisi hewa imebadilika ingawa hataweza kusema ni nini kimebadilika. Katika sura ambayo Athumani anaamka, vitenzi vyake mwenyewe vianze kubadilika: leo nilichukua, siyo leo kilichukuliwa.

Mara ya tatu soma mwisho. Kama steringi amemuua mtu wa ajira katika vita vya mwisho na bosi amekamatwa, jiulize nani atakaa kwenye kiti kile kikao cha Jumatatu kitakapofika. Ofisi inayopoteza mfuatiliaji hutafuta mwingine, na mara nyingi humpata palepale getini, akiwa amevaa sare ya mlinzi wa usiku, anaomba walau aongezewe siku. Ukimleta mtu huyo, mlete kwa jina lake, mwandike akiuliza mshahara ni kiasi gani, na umpe jibu la tarakimu.